Uunsi Nyumbani: Harufu Ibaki, Moshi Utoke

Jioni inapoingia mjini Modogashe, makaa machache hutolewa jikoni na kuwekwa kwenye dabqaad, kisha juu yake hutiwa uunsi, ubani au malmal. Muda si mrefu harufu huenea sebuleni, chumbani na hata kwa jirani. Desturi hii ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Huondoa harufu ya mapishi, humkaribisha mgeni, hunukisha nguo za sherehe, na humsindikiza mama aliyejifungua katika siku zake arobaini.

Somo hili haliwaombi wakazi waache uunsi. Linaeleza mambo matatu: ni nini hasa kinachochomwa, ni nini kinachotoka pamoja na harufu, na ni vipi familia inaweza kubaki na harufu bila kuwadhuru watoto, wazee na wagonjwa. Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: uunsi ni ule ule wa zamani, ila nyumba tunamouchomea imebadilika.

Majina na vitu vyenyewe

Neno dabqaad kwa Kisomali lina maana ya kitu cha kubebea moto. Waswahili wa pwani hukiita chetezo. Huwa cha udongo wa kuchoma au cha jiwe laini lililochongwa. Kinachowekwa ndani yake si kitu kimoja.

Ubani ni utomvu uliokauka wa miti ya jamii ya Boswellia. Malmal, ambayo kwa Kiswahili huitwa manemane, ni utomvu wa mti unaojulikana kitaalamu kama Commiphora myrrha. Hagar hutoka kwa ndugu yake, Commiphora holtziana. Miti hii hustahimili ukame na hupatikana katika nyika za kaskazini na kaskazini mashariki mwa Kenya, na pia Somalia na Ethiopia. Hapa kwetu wafugaji na kina mama hubandua utomvu huo kwenye magome wakiwa malishoni na kuuza kwa wachuuzi, kwa hiyo baadhi ya kinachonukia katika nyumba za mjini kimetoka kwenye vichaka vya karibu.

Udi ni tofauti. Hutoka kwenye miti ya Asia ya kusini mashariki ambayo imeshambuliwa na ukungu, mti ukajikinga kwa kutoa mafuta mazito yenye harufu. Ndiyo maana bei yake ni ya juu.

Uunsi wenyewe ni mchanganyiko. Kila ayeeyo ana mapishi yake, lakini kwa kawaida sukari huyeyushwa kwenye sufuria, kisha huongezwa vipande vya miti yenye harufu, utomvu, karafuu na manukato ya chupa. Ukipoa hukatwa vipande. Ni vizuri kujua kwamba sukari ikidondokea makaa makali huungua na kutoa moshi wa ziada, na kwamba manukato ya dukani huwa na kemikali ambazo mara nyingi hazikuandikwa kwenye chupa.

Mwisho ni majani. Kivumbasi, mrehani, mkaratusi na mwarobaini huchomwa au kufukizwa katika sehemu nyingi za Kenya, hasa kwa ajili ya mbu. Haya tutayarudia mbele.

Faida ambayo ni ya kweli

Harufu nzuri humtuliza mtu. Nyumba inayonukia huwafanya watu wakae pamoja, na kwa mama aliyechoka, kitendo cha kuwashiwa dabqaad ni ishara kwamba kuna anayemtunza. Hilo peke yake ni jambo la maana kwa afya ya nafsi.

Wanasayansi pia wameuchunguza ubani. Mwaka 2008 watafiti wa Israel na Marekani walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa panya. Kiambata kimoja cha ubani kiliwapunguzia panya hao dalili za wasiwasi. Matokeo hayo yanavutia, lakini yana mipaka ambayo msomaji anafaa kuijua. Panya walidungwa kiambata kilichosafishwa. Hawakuwekwa kwenye chumba chenye moshi. Hivyo utafiti huo hauwezi kutumiwa kusema kwamba moshi wa ubani ni dawa.

Kuna faida nyingine ambayo wafugaji wa Lagdera wanaifahamu vyema. Kabla ya kukama ngamia, chombo cha maziwa cha mti au cha kusukwa husafishwa kwa vijinga vya miti iliyochaguliwa. Vijinga huingizwa ndani, chombo hufunikwa na kutikiswa, kisha majivu huondolewa. Moshi hupunguza vijidudu, na maziwa hukaa muda zaidi yakiwa na ladha yake.

Lakini hapo ndipo pana somo. Moshi wa chombo cha maziwa hufungiwa ndani ya chombo, na kazi yote hufanyika nje penye upepo. Kinachoua vijidudu ndani ya chombo cha mti hakichagui kinapoingia kwenye kifua cha mtu.

Moshi una nini ndani yake

Kitu chochote kinachoungua, kiwe utomvu, jani, kuni au sukari, hutoa chembe ndogo sana. Zile za hatari zaidi zina upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa takriban maikromita 70, kwa hiyo chembe hizo ni ndogo kuliko unywele kwa karibu mara 30. Pua haiwezi kuzizuia. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya kwenye damu.

Hatari ya pili haitokani na uunsi bali na makaa yaliyo chini yake. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua. Wengi hudhani kwamba makaa yaliyoshika vizuri, mekundu na yasiyo na moshi, ni salama. Si kweli. Kukosekana kwa moshi hakumaanishi kukosekana kwa gesi hiyo.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na kuchanganyikiwa. Watu kadhaa katika nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja na makaa yakiwa ndani, jibu la kwanza ni kuwatoa wote nje kwenye hewa, kisha kutafuta msaada wa hospitali. Usiingie kulala wala usimwache mtu alale chumbani kukiwa na makaa, hata yaliyofunikwa majivu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba, hasa ule wa kupikia kwa kuni, makaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kati ya hivyo, zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto walio chini ya miaka 5. Dabqaad ni ndogo kuliko jiko, na hesabu hiyo si ya uunsi. Hata hivyo katika nyumba inayopikia kuni au makaa, moshi wa uunsi huongezwa juu ya moshi ambao tayari upo.

Kuhusu uvumba wenyewe, utafiti mkubwa wa Singapore uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watu zaidi ya 61,000 kwa miaka mingi. Waliochoma uvumba kwa muda mrefu nyumbani walionekana kuwa na hatari zaidi ya aina fulani za saratani za njia ya hewa. Nchini Oman, ambako uvumba huchomwa kama hapa kwetu, utafiti wa mwaka 2009 kwa watoto wa shule ulipata jambo la kusaidia kuliweka suala hili mahali pake: uvumba haukuonekana kuongeza idadi ya watoto wenye pumu, lakini kwa wale ambao tayari walikuwa na pumu, ulikuwa kichochezi cha kawaida cha kukorota kifua. Kwa maneno mengine, swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kuwasha ni nani yuko ndani.

Nyumba imebadilika

Desturi ya uunsi ilikulia katika herio, nyumba ya wafugaji iliyojengwa kwa fito na kuezekwa mikeka na ngozi. Upepo hupita katikati ya mikeka. Moshi ukipanda, hupata njia ya kutokea yenyewe.

Leo familia nyingi za Modogashe zinaishi katika nyumba za matofali au mabati. Kuna dari, mapazia mazito, zulia ukutani hadi ukutani, na madirisha ambayo hufungwa jioni kwa sababu ya vumbi, mbu na usalama. Kipande cha uunsi kilichotosha herio nzima sasa kinachomwa katika chumba kisicho na pa kupumulia. Harufu hukaa muda mrefu, na wenye nyumba hufurahi kwa hilo. Lakini kinachokaa si harufu peke yake.

Hapa hakuna wa kulaumiwa. Mabibi waliotufundisha kuwasha dabqaad hawakufundisha kufungua dirisha kwa sababu hawakuwa na haja nalo. Ni juu ya kizazi hiki kuongeza hatua hiyo moja.

Siku arobaini

Mama aliyejifungua hukaa ndani siku 40 akihudumiwa na jamaa zake. Katika familia nyingi malmal au uunsi huchomwa mara mbili kwa siku ili kumkinga mtoto na harufu mbaya za nje. Nia ni njema, na siku hizo za mapumziko zina manufaa makubwa kwa mama.

Lakini mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Njia zake za hewa ni nyembamba na mapafu yake bado yanakua. Katika chumba kimoja chenye moshi, yeye ndiye anayeathirika zaidi, na ndiye asiyeweza kuinuka akatoka.

Suluhisho lipo na halivunji mila. Nguo, shuka na blanketi za mtoto zinaweza kufukizwa uani, zikapungwa hewani, kisha zikaletwa ndani zikinukia. Chumba kinaweza kufukizwa wakati mama na mtoto wako chumba kingine au kivulini nje, na wakarudi moshi ukishatoka. Mama kijana anayeona haya kulisema hili kwa mama mkwe anaweza kulisema kwa heshima: “Hooyo, tuifukize nyumba kwanza, mimi nikae nje na mtoto. Moshi ukitoka tutaingia, tukute inanukia.” Hakuna mzee anayempenda mjukuu atakayekataa neno kama hilo.

Majani na mbu

Mwaka 2002 watafiti wa kituo cha ICIPE cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, walichapisha majaribio yao kuhusu mimea ambayo jamii za magharibi mwa Kenya hutumia kufukuza mbu, ikiwemo mikaratusi yenye harufu ya limau na mimea ya jamii ya kivumbasi. Waligundua kwamba mimea hiyo hupunguza mbu wanaoingia kuuma. Mkaratusi wenye harufu ya limau uliongoza, majani yake yalipowekwa juu ya bamba la moto yakatoa mvuke wa harufu bila kuwaka.

Kupunguza, hata hivyo, si kumaliza. Mbu waliobaki wanatosha kuleta malaria, na mara majani yanapopoa kinga huisha, wakati mbu wa malaria huuma hadi usiku wa manane na kuendelea. Vivyo hivyo kwa nzi wadogo wa mchanga wanaoeneza kala-azar, ugonjwa ambao umewahi kuripotiwa katika kaunti za ukanda huu. Chandarua chenye dawa hufanya kazi usiku kucha bila moshi. Majani yawe nyongeza ya chandarua, yasichukue nafasi yake.

Namna ya kuwasha kwa usalama

1. Koleza makaa nje. Yalete ndani yakiwa machache, vipande viwili au vitatu, na yakishashika vizuri.

2. Fungua mlango na dirisha zinazotazamana kabla ya kuweka uunsi, si baadaye. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

3. Nyunyiza majivu kidogo juu ya makaa. Utomvu utayeyuka polepole na kutoa harufu zaidi na moshi kidogo kuliko ukiungua kwa makaa makali.

4. Weka kipande kidogo. Kipande cha ukubwa wa punje ya maharage kinatosha chumba cha kawaida.

5. Watoto wachanga, wajawazito, wazee, na watu wenye pumu, kifua kikuu au ugonjwa wa moyo wakae mahali pengine hadi moshi utoke.

6. Dakika 10 zikiisha, toa dabqaad nje. Harufu itabaki kwenye mapazia na zulia. Uache mlango na dirisha wazi mpaka hewa ya chumba iwe safi.

7. Usiweke dabqaad sakafuni penye mtoto anayetambaa, wala karibu na mkeka, pazia au kitanda. Makaa yakitumika yamwagiwe maji.

8. Anayenukisha nguo akiwa amezivaa awe mwangalifu. Baati na diraac ni vitambaa vyepesi vinavyoshika moto haraka. Ni salama zaidi kuivua nguo na kuitandaza juu ya tenga la kufukizia.

Nyumba yenye umeme inaweza kutumia chetezo cha umeme, ambacho hupasha uunsi bila makaa. Hilo huondoa hatari ya kaboni monoksaidi, ingawa moshi wa uunsi wenyewe bado unahitaji dirisha wazi. Anayetaka harufu tu anaweza kuchemsha karafuu, iliki na mdalasini kwenye sufuria ya maji, mradi sufuria iwe mbali na watoto.

Mtu akiungua

Mwondoe kwenye moto na umvue nguo iliyo juu ya kidonda, isipokuwa iliyogandia ngozi. Mwagia maji safi ya kawaida polepole kwa dakika 20. Pasipo bomba, maji ya mtungi yanatosha. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala asali. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali, hasa kama ni mtoto, au kama jeraha liko usoni, mikononi au sehemu za siri.

Wakati ambapo dabqaad haitoshi

Uunsi haukuwekwa duniani utibu homa ya mapafu. Mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida ahesabiwe pumzi kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta hewa, anayekataa kunyonya, au aliyelegea, apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana.

Mtu mzima mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Na anayeona huzuni, wasiwasi au kukosa usingizi kwa muda mrefu, akiwemo mama aliyejifungua, asiachiwe harufu peke yake. Azungumze na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake au mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu.

Maswali ya kujadili

Somo hili linaweza kusomwa kwa sauti kwenye baraza, chama cha kina mama au darasani.

1. Katika nyumba yako, moshi wa dabqaad hutokea wapi? Kama hakuna pa kutokea, nini kinaweza kufanyika wiki hii bila gharama?

2. Kwa nini makaa mekundu yasiyo na moshi bado ni hatari chumbani?

3. Mama na mtoto mchanga wapo nyumbani, na jamaa wamekuja kumtembelea wakiwa na uunsi. Familia ifanyeje ili wageni waheshimiwe na mtoto asivute moshi?

4. Nani katika kijiji chenu anajua mapishi ya zamani ya uunsi usio na manukato ya chupa, na vijana wanaweza kujifunza nini kwake?